Benchi la Njoo Kesho

Zamani si nyingi, zamani ya juzi tu, palikuwa na nchi moja upande wa pili wa milima. Jina lake silitaji, maana wenyewe wana masikio marefu. Si nchi yetu. Yetu haina mambo kama haya, na anayedhani inayo akaulize ofisini, atajibiwa.

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke aitwaye Zamoyoni, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kisimani, mpenda watu, mpenda habari, ambaye nyumba isipojaa wageni huona kama ina msiba. Huyo Zamoyoni alikuwa na kopo la maziwa ya unga nyuma ya birika. Maziwa hayakuwamo. Mlikuwamo vipande vyembamba vya karatasi, virefu kama utambi, na kila alipopika chai mkono wake ulilikwepa kopo lile kama unavyomkwepa uliyemdhulumu mkikutana sokoni.

Twende kule vipande vilikotoka.

Kompyuta za nchi ile, kabla hazijaharibika kwa kutengenezwa, zilikuwa na upole wake. Ukiiwasha asubuhi, inaamka ukishamaliza uji. Ukiomba picha moja mtandaoni, unaweza kuchambua mchele, ukauosha, ukaubandika jikoni, na picha ndiyo kwanza imefika kwenye paji la uso. Macho utayaona wali ukiiva.

Zamoyoni alikuwa nazo saba dukani kwake, zote za mitumba, feni zikivuma kama mashine ya kusaga. Nje aliweka benchi refu la mninga. Watu walikaa pale wakingoja, na mtu anayengoja husema. Nani kamwacha nani, nani kakutwa wapi, nani anajifanya kaokoka. Ndoa tatu zilianzia kwenye benchi lile, na mbili zikavunjikia hapohapo. Pembeni ya benchi alikaa Mize, jirani yake wa ukuta mmoja, msusi. Mtu alikuja na nywele timutimu kutafuta matokeo ya mtihani, akaondoka kichwa kimesukwa mtindo wa twende kilioni na matokeo yakiwa bado njiani. Hakuna aliyelalamika. Mtandao ulichelewa, lakini Kisimani hapakuwa na mpweke.

Ndipo ikaja chipu.

Ilitoka ng'ambo, na wataalamu walisema ndiyo ubongo wa kompyuta, yenye kasi ya mashine za zamani elfu moja ukizifunga kamba pamoja. Mheshimiwa Waziri wa Kasi, Daktari Injinia Kibwana Mapepe, alifanya uzinduzi. Bendi ilipiga, utepe ukakatwa, mto wa hariri nyekundu ukaletwa mbele, na juu ya mto ndipo ilipokuwa chipu, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

"Iko wapi?" Waziri aliuliza, akivaa miwani.

"Iko chini ya kidole chako, Mheshimiwa."

Waziri alinyanyua kidole, akaitazama, akaona aibu kwa niaba ya taifa. "Serikali," alisema, "haiwezi kuzindua kitu kinachoweza kupeperushwa na chafya."

Sherehe iliahirishwa miaka miwili ili lijengwe jengo la ghorofa nane. Chipu iliwekwa ghorofa ya nne, juu ya meza. Ghorofa saba zilizobaki zikawekwa walinzi wake, na mkurugenzi wa walinzi, na mpishi wa mkurugenzi.

Baada ya hapo, ndugu zangu, mambo yalikimbia. Chipu ndogo za ukoo uleule ziliingia kwenye simu. Hata simu ya muuza mkaa ilikuwa na akili kuliko kompyuta zote saba za Zamoyoni. Picha zilifika nzima, paji na macho na kidevu kwa pamoja. Mtu aliuliza na kujibiwa akiwa bado amefungua mdomo. Nani sasa aende dukani kukaa kwenye benchi?

Benchi lilibaki na paka. Aliyeendelea kuja alikuwa Mize peke yake, na kitana chake na kopo la mafuta.

"Shoga, wewe huna simu mpya?" Zamoyoni alimuuliza.

"Ninayo. Tena inanijibu haraka mpaka inanikera. Mimi hapa siji kwa kompyuta. Naja kwa mdomo wako."

Zamoyoni alicheka, lakini aliangalia barabara kuona kama kuna mwingine anakuja. Hilo nalo alikuja kulikumbuka baadaye: kwamba alikuwa na mmoja aliyetosha, naye akawatazamia wengine.

Huko maofisini hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwananchi aliomba leseni, na kabla hajauteremsha mkono leseni hii hapa. Foleni zikafa. Pamoja na foleni walikufa, kwa maana ya riziki, waliokuwa wakiuza karanga kwenye foleni, waliokuwa wakiazimisha kalamu, na wenyeviti wa foleni. Makarani walikaa siku nzima bila kusalimiwa. Mmoja alisimulia huku akilia kwamba tangu chipu iingie hajaletewa hata kuku.

Uliitishwa Mkutano wa Dharura wa Kitaifa juu ya Haraka. Mafundi wote wa nchi waliitwa, na Zamoyoni akiwamo. Alikwenda kwa ajili ya pilau na kuona watu.

"Wataalamu wangu," alisema Mheshimiwa Mapepe, "tulitaka kasi, na kasi tumeipata. Lakini kasi hii haina adabu! Mtu anaomba, anapewa. Je, ataamini kwamba tumekaa? Kwamba tumefikiri? Kwamba tumeumia kwa ajili yake? Hata posa haijibiwi siku hiyohiyo! Mzazi anayejibu posa papo hapo, mnamwonaje?"

"Ana tamaa!" ukumbi ulijibu.

"Basi na serikali itaonekana ina tamaa!"

Msomi mmoja alinyoosha kidole, akashauri chipu irudishwe ilikonunuliwa.

"Na ghorofa nane tuzirudishe wapi?" Waziri alimuuliza, na msomi akakaa.

Ndipo Zamoyoni akasimama. Alikuwa ameshiba, na alipenda kuchekesha watu. "Mheshimiwa," alisema, "mimi nina kizee changu nyumbani, kompyuta ya zamani, namwita Ajuza. Pitisheni majibu kwake. Hata jibu likija na mbio za swala, kwa Ajuza litatoka likichechemea. Na watu waje wangojee kwangu, benchi lipo."

Ukumbi uliangua kicheko. Waziri hakucheka. Alitoa kalamu, akaanza kuandika.

Hapo Zamoyoni angeweza kusema, "Natania, Mheshimiwa." Maneno mawili tu. Lakini aliliona benchi lake na yule paka, akayameza.

Sheria ya Staha ya Majibu ilipita bila upinzani. Hakuna jibu la serikali litakalomfikia mwananchi kabla ya siku kumi na nne. Kwa nini kumi na nne? Kwa sababu kumi na tatu ni mkosi na kumi na tano ni uzembe. Kila mtaa ulipewa Kituo cha Staha, na cha kwanza kilifunguliwa Kisimani, dukani kwa Zamoyoni, na Ajuza alivishwa kitambaa cha rangi za bendera.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwananchi alijaza ombi. Chipu kule ghorofa ya nne ilijibu sekunde ileile, na jibu likatokea kwenye skrini ya Zamoyoni. Yeye alilisoma, kisha akaliingiza kwa Ajuza, naye Ajuza akalivumia siku kumi na nne na kulitoa kwenye karatasi. Lakini chipu ile ilikuwa na kasoro moja ambayo wataalamu walishindwa kuiondoa: haikujua kusema uongo. Juu ya kila karatasi iliandika siku, saa na dakika ambayo jibu liliamuliwa. Kwa hiyo Zamoyoni alipewa mkasi. Alikata mstari ule wa juu, karatasi akampa mwenyewe, na kipande akakichoma Ijumaa, kama kanuni ilivyotaka.

Adhabu ya kutoa jibu mapema ilitajwa pia. Msidhani ni jela. Ilisemwa tu kwamba kituo kitahamishiwa mtaa mwingine. Basi. Na hilo ndilo lililokuja kumla Zamoyoni roho, kwamba angalau ingekuwa jela angejitetea.

Maana benchi lilijaa! Lilijaa mpaka likaongezwa la pili. Kahawa ikarudi, kashata ikarudi, habari zikarudi. Mzee Chuma alikuja kila asubuhi kuuliza kibali cha kuchinja mbuzi wa arusi ya mwanawe.

"Njoo kesho, mzee."

"Nitakuja. Lakini bwana arusi ameshaanza kugombana na mkewe. Kibali kikitoka, mbuzi tutamchinja wa suluhu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zamoyoni alicheka kuliko wote, na karatasi ya mbuzi ilikuwa ndani ya Ajuza, imekubaliwa tangu wiki iliyopita.

Jumatatu moja Mize aliingia bila kitana.

"Shoga, mama anaumwa."

Mama yake aliishi na mdogo wake upande wa pili wa mto, na katika nchi ile daraja lilivukwa kwa kibali. Sheria hiyo ilikuwa ya zamani. Ilitungwa na kiongozi mmoja aliyevuka siku moja akakuta watu wa kawaida wameshamtangulia, akaudhika. Mize alimwonyesha simu. Picha ilikuwa safi, kazi ya chipu. Ungeweza kuhesabu kope za bibi mgonjwa. Alikuwa amelala juu ya mkeka, nywele zake nyeupe zimefumuka.

"Mize," alisema bibi kwenye simu, "kichwa hiki kitasukwa na nani? Hawa wa huku wanavuta kama wanang'oa muhogo."

"Nakuja, mama. Nakuja kukusuka."

Zamoyoni akaingiza uso kwenye simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Zamoyoni. Si ndiye wewe mwenye ofisi? Haya, mwachie mwenzio aje."

Ajabu ya nchi ile ndiyo hiyo. Sura ya bibi ilivuka daraja bila kibali, sauti yake ikavuka, kikohozi chake kikavuka. Mkono wa kumsuka ndio ulioambiwa usubiri.

Mize alijaza ombi, akabonyeza. Kwenye skrini ya Zamoyoni, upande ambao Mize hauoni, yakatokea maneno: *Limekubaliwa. Avuke leo.* Na juu yake: *Limeamuliwa Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi.*

"Vipi?" aliuliza Mize.

Benchi zima lilikuwa linatazama. Watu ishirini na mmoja, wote wana majibu yao ndani ya Ajuza. Akimpa huyu, wale watasemaje? Na kituo kikihamishwa?

"Njoo kesho, shoga," alisema Zamoyoni, na akatabasamu, kwa kuwa uso ulikuwa umeshazoea.

Mize alikuja Jumanne. Alikuja Jumatano, na vitumbua. Alhamisi mama mmoja kwenye benchi aliropoka, "Na wewe Zamoyoni, mwenzio unakaa naye ukuta mmoja, hata yeye humpenyezei?"

Mize akamgeukia. "Mwache shoga yangu! Kwani majibu anayaandika yeye? Angekuwa na uwezo si angeshanipa?"

Zamoyoni aliinama chini ya meza, akajifanya anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi.

Siku ya tano alifika mpaka kwa Ajuza, akaushika waya. Nje Mzee Chuma alikuwa anaanza kisa cha mwalimu mkuu na mganga wake, kahawa inamiminwa, watu wanasogeleana. Zamoyoni alisimama na waya mkononi, akisikiliza. Wagonjwa hawafi ovyo, alijiambia. Bibi ana sauti nzima, ana mpaka matani. Siku tisa ni nini? Akauachia waya, akatoka kusikia mwisho wa kisa. Kilikuwa kisa kizuri. Mpaka leo hawezi kukisimulia.

Siku ya tisa, asubuhi, simu ya Mize iliita palepale barazani. Picha ilikuwa safi, kama siku zote. Waliokuwa karibu waliona shuka ikipandishwa taratibu, ikafunika kidevu, ikafunika macho, ikafunika zile nywele zilizofumuka ambazo hakuna aliyezisuka.

Mize alipiga ukelele mmoja.

Sasa, kwenda kuzika nako kulihitaji kibali. Aina nyingine, fomu ya kijani. Mize aliijaza palepale. "Shoga, na hii ni kumi na nne? Mama atalala wapi siku kumi na nne?"

Kwenye skrini: *Limekubaliwa. Aende sasa.*

Zamoyoni hakuwaza tena. Alimng'oa Ajuza waya, akaunganisha skrini na mashine ya kuchapia moja kwa moja, karatasi ikatoka ya moto. Hakukumbuka mkasi. Akampa Mize kwa mikono miwili, na kwa muda wa pumzi moja alijiona amefanya jambo jema.

Mize aliisoma karatasi. Aliisoma kuanzia juu, kama watu wote wasomavyo. *Limeamuliwa leo, saa tatu na dakika saba.* Akanyanyua macho kwenye saa ya ukutani. Saa tatu na dakika tisa.

"Kumbe inawezekana leo leo," alisema.

Alikunja karatasi, akajifunga khanga, akaenda kuzika. Zamoyoni alilichapa na lile jibu la Jumatatu, akakata mstari wake wa juu, akautia kwenye kopo la maziwa pamoja na vipande vya wengine ambavyo tangu siku ile alishindwa kuvichoma.

Zamoyoni alingoja adhabu. Aliingoja kwa hamu kama wengine wangojeavyo vibali. Siku ya tatu msafara wa magari ulisimama Kisimani, akashuka Mheshimiwa Mapepe na bendi. Hakuna aliyekuwa amegundua kitu. Takwimu zilionyesha kwamba benchi la Kisimani ndilo lililojaa kuliko mabenchi yote nchini, na Waziri alikuja kumvika Zamoyoni Nishani ya Subira na kumkabidhi mkasi wa dhahabu.

"Tumekuwa taifa la kwanza duniani lenye kompyuta zenye adabu!" alisema Waziri, na redio ikarusha nchi nzima. "Na nina furaha kutangaza kuwa tumenunua chipu mpya, yenye kasi mara mbili ya ile! Na kwa kuwa gari lenye kasi mara mbili linahitaji breki mara mbili, kuanzia mwezi ujao muda wa staha utakuwa siku ishirini na nane!"

Watu walipiga makofi. Mzee Chuma alipiga pia, kisha akakoma ghafla, mikono ikiwa bado imekutana, akihesabu.

Msafara ulipoondoka, Zamoyoni alikaa mbele ya skrini akaandika ombi lake mwenyewe, la kuacha kazi. Akabonyeza. *Limekubaliwa. Aache leo.* Kwa mujibu wa sheria alitakiwa alisome, aliingize kwa Ajuza, na ajiambie aje kesho. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukoma. Akavua nishani, akaitundika kwenye msumari pamoja na mkasi, akaenda nyuma ya birika akatoa kopo.

Mize alikuwa amerudi kutoka matangani. Hakukaa tena kwenye baraza la duka. Alikaa kwake, na wanawake waliokuja kumpa pole walimzunguka. Alikuwa anamsuka mmoja wao.

Zamoyoni alisimama mbele yao wote, akafungua kopo, akachambua, akatoa kipande kimoja.

"Soma."

Mize alikisoma. *Limeamuliwa Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi.*

"Niliona," alisema Zamoyoni. "Wewe ulikuwa umesimama pale na mimi nimekaa hapa, na nililiona jibu lako. Siku zote zile ukija nilikuwa nalijua. Na hivi vyote kopo zima ni vya wenzio. Jibu lako ndilo lililonifanya nisiweze kuvichoma tena. Na usimlaumu Waziri. Wazo lilikuwa langu. Nilisimama nikalisema kwa kinywa changu, Mize, kwa sababu nilitaka watu waje."

Jogoo wa jirani aliwika, akaona aibu, akanyamaza.

"Nisamehe."

Mize alikikunja kipande kile, akakichomeka kwenye pindo la khanga. Kisha akarudi kwenye kichwa alichokuwa anasuka, akagawa nywele.

"Ombi lako nimelipokea," alisema. "Njoo kesho."

Zamoyoni alikuja kesho yake. "Njoo kesho." Alikuja na keshokutwa. Alikuja kwa mvua, alikuja kwa jua, na kule dukani wizara ilishaleta karani mwingine, kijana mwenye mkasi mkali, na benchi limejaa. Wanawake wa barazani walimnunia siku za mwanzo, kisha wakazoea, wakawa wanamsogezea kikombe bila kumtazama. Hakuleta habari wala hakuchekesha mtu. Alikaa chini ukingoni mwa baraza mpaka apewe jibu lake la siku, akaondoka.

Siku ya kumi na nne alioga mapema, akavaa khanga safi, akaja. Baraza lilijaa. Wanawake walipomwona waligeuka mmoja mmoja, maana wote walikuwa wamehesabu.

"Siku zimetimia, Mize," alisema.

Mize aliweka kitana magotini. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama sawasawa, usoni.

"Kwani hukusikiliza redio?" alisema, bila ukali. "Sasa ni ishirini na nane."

Kisha akanyoosha mguu, akamsogezea kigoda.